Zamu ya Ukuta

Hadithi yenu ya leo haina sungura wala binti mfalme. Mhusika mkuu ni ukuta. Najua kuna watakaoguna, "Ukuta nao una kisa?" Unacho, tena cha mwaka mzima. Na kwa kuwa yote nitakayosema ni ya kweli, mkiniitikia "hadithi njoo" msiongeze ile "uongo njoo".

Sisemi ukuta wa sebuleni kwenu, ule wenye kalenda ya mwaka juzi na picha ya harusi ya shangazi. Nasema ukuta wa jumba la sanaa la jamii: ukumbi ambao wachoraji, wachongaji na wapiga picha wa mji huo huo hupeleka kazi zao ili majirani waje wazitazame. Mwezi huu unabeba picha za mtu mmoja, mwezi ujao za mwingine. Ukishinda hapo mwaka mzima utauona mji wako ukipita mbele yako: mvuvi, dalali, mama muuza vitumbua, foleni ya Ubungo, shetani wa Kimakonde mwenye jicho moja, na mambo mengine ambayo hata mchoraji ukimwuliza ni nini anakujibu, "Wewe unaonaje?"

Nitawaeleza kwa mfano wa Dar es Salaam, kwa sababu kuta za mji huo zina mambo.

Kwanza tupige hesabu, shikeni kalamu. Mwaka una wiki 52. Tuseme kila onyesho linakaa wiki nne. Likiisha, inahitajika wiki nyingine moja ya kushusha picha, kuziba matundu ya misumari, kupaka rangi nyeupe upya na kutundika za mtu anayefuata. Jumla wiki tano. Gawanya 52 kwa 5. Unapata maonyesho 10, na siku chache za kupumua. Sasa fikiria mji wenye watu wanaozidi milioni tano, na ndani yake wachoraji wangapi? Wale wa Oysterbay, wale wa Mwenge kwenye vinyago, wanaochora mabango ya saluni, wanaopamba bajaji, waliotoka Chuo cha Sanaa Bagamoyo, waliotoka Chuo Kikuu, na yule kijana wa mtaani kwenu ambaye hajasoma popote lakini akikuchora unaogopa. Wote hao, na nafasi ni 10.

Ndiyo maana ukuta una zamu, na zamu inaombwa. Miezi kadhaa kabla, jumba hutoa wito. Mtu anayetaka kuonyesha hupeleka picha za kazi zake, maelezo mafupi ya anachotaka kusema, na historia yake kidogo. Kamati huketi na kuchagua. Mwenye kazi ya kuyapanga maonyesho huitwa mratibu, na kama kuna kazi ya sanaa isiyoonekana ni ya kwake. Mratibu mzuri hachagui rafiki zake. Anajiuliza: mwaka uliopita tulionyesha wanawake wangapi? Wachongaji je, au ni picha tupu za kutundika? Kuna mtu wa mara ya kwanza? Akiweka wakongwe watupu, vijana watakata tamaa. Akiweka vijana watupu, watajifunza kwa nani? Mara nyingi suluhisho ni onyesho la pamoja, watu wanane au kumi wakigawana ukuta mmoja. Hapo ndipo ugomvi huanza, maana kila mtu anataka sehemu inayotazamana na mlango.

Lakini palikuwa na wakati ambapo hapakuwa na kamati, mratibu wala ukuta. Hapo inabidi niwarudishe nyuma kidogo.

Mwaka 1932, huko Tunduru kusini mwa Tanganyika, alizaliwa Edward Saidi Tingatinga. Kama vijana wengi wa zama zake aliondoka kwao kutafuta kazi, akapitia kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaingia Dar es Salaam. Alifanya kazi za nyumbani kwa watu. Karibu mwaka 1968 akaanza kuchora. Turubai hakuwa nayo, na hata angeambiwa inapouzwa, ingemshinda bei. Alichukua ubao mwembamba, ule wanaobandika mafundi kwenye dari, akaukata mraba wa futi mbili hivi kila upande. Rangi za wasanii hakuwa nazo pia. Akanunua rangi ya kung'aa, ile ya kupaka baiskeli. Juu yake akachora chui, ndege, tembo, watu wa kijijini kwao, akiweka mnyama mmoja mkubwa katikati ya ubao na nyuma yake rangi moja tu iliyotulia.

Sasa ziuzwe wapi? Palikuwa na maduka yaitwayo Morogoro Stores, Oysterbay, ambako wageni waliokaa mjini walikuwa wakienda kununua mahitaji. Nje ya maduka hayo ndiko picha zilikopangwa, na mkewe, Agatha, alishiriki kuziuza. Kwa hiyo "jumba la sanaa" la mtu ambaye leo jina lake linajulikana Tokyo na Copenhagen lilikuwa kivuli na vumbi la kando ya duka. Mvua ikinyesha, onyesho limefungwa.

Wakati huo huo aliajiriwa Hospitali ya Muhimbili. Kuchora kulikuwa kwa baada ya kazi. Picha zikapendwa. Akawaita ndugu na marafiki, akawafundisha: January Linda, Adeusi Mandu, Simon Mpata, Kasper Tedo, Abdallah Ajaba. Kisha mwaka 1972 polisi waliokuwa wakifukuza wezi wakampiga risasi kwa kudhani ni mmoja wao. Akafa. Alikuwa na umri wa miaka 40 hivi, na alikuwa amechora kwa takriban miaka minne tu. Minne! Kuna watu wanakaa darasa moja muda unaokaribia huo.

Wanafunzi wake hawakutawanyika. Waliendelea kuchora pale pale, wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wakaandikisha ushirika wao rasmi. Hadi leo ukienda Oysterbay utawakuta, wengine wakiwa watoto na wajukuu wa wale wa kwanza. Nina neno moja la kuwasema, nalo nalisema kwa upendo. Sina ugomvi na twiga. Nina ugomvi na twiga wa elfu moja, aliyechorwa kwa kumnakili twiga wa mia tisa tisini na tisa. Tingatinga mwenyewe alichora alichokumbuka. Anayemnakili anachora kumbukumbu ya mtu mwingine, na jicho la mtazamaji linajua, hata la mtoto.

Mwaka ule ule wa 1972 kilianza kitu kingine mjini. Sista mmoja wa shirika la Maryknoll, Jean Pruitt, alisaidia vijana wachache wenye vipaji kupata mahali pa kufanyia kazi na kuuzia. Pakaitwa Nyumba ya Sanaa. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere akafungua jengo lake jipya katikati ya mji, kwenye barabara ya Upanga, ambayo leo inaitwa Ali Hassan Mwinyi. Humo walikuwemo wachongaji, wachoraji, wafinyanzi na watengenezaji wa batiki, na mgeni aliweza kuiona kazi ikitengenezwa kabla hajaiona imetundikwa.

Katika waliopitia hapo alikuwemo Mmakonde mmoja, George Lilanga. Alianza kama mlinzi. Mjomba wake, mchongaji Augustino Malaba, ndiye aliyemtafutia nafasi. Lilanga alijua kuchonga tangu kwao kusini, na haikuchukua muda watu wakagundua kwamba mlinzi ana mkono kuliko baadhi ya anaowalinda. Akachora kwenye ngozi za mbuzi, kwenye batiki, kwenye mabati, na baadaye kwenye turubai: viumbe wenye masikio makubwa, matumbo mbele, vidole viwili vitatu, wakicheka, wakigombana, wakibebana. Hao ni mashetani wa hadithi za Kimakonde, lakini ukiwatazama sana utamwona jirani yako. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington, Marekani. Alifariki mwaka 2005.

Jengo lile la Nyumba ya Sanaa halipo tena. Kiwanja cha katikati ya mji huwa na wapenzi wengi, na sanaa si mpenzi mwenye fedha.

Ukuta mwingine ukapatikana. Tangu mwaka 2008, Mikocheni, katikati ya maghala na viwanda vidogo, kuna Nafasi Art Space. Wasanii hufanya kazi humo ndani ya vibanda na makontena yale ya kubebea mizigo melini, na pembeni kuna ukumbi wa maonyesho. Nawapenda kwa jambo moja: msanii na ukuta wako uwanja mmoja. Picha inatoka kibandani, inavuka ua, inafika ukutani ikiwa haijakauka vizuri.

Na hilo la kukauka ndilo linaloturudisha kwenye mwaka wetu, kwa sababu mwaka wa jumba la sanaa katika pwani yetu unaendeshwa na mvua kama ulivyo mwaka wa mkulima.

Januari na Februari kaskazi inavuma, jua kali. Rangi za akriliki, zinazochanganywa kwa maji, hukauka kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai. Mchoraji asipofanya haraka zinamgandia kwenye brashi. Rangi za mafuta zenyewe ni wavivu, huchukua siku, hata wiki. Machi masika huingia. Hapo ndipo mratibu hulala jicho moja wazi. Hewa imejaa maji, na turubai inalegea kwenye fremu yake hadi inapiga tumbo. Ubao wa dari, ule ule wa Tingatinga, unavimba kingo. Nyuma ya picha kuvu huota madoa ya kijivu. Mpingo wa wachongaji nao una tabia zake: ni mti unaokua polepole sana, huweza kuchukua miaka 70 hata zaidi kabla haujafaa kukatwa, na baada ya kuvumilia miaka yote hiyo ukiuhamisha ghafla kutoka kwenye unyevu kwenda kwenye kiyoyozi unapasuka. Kinyago kilichochongwa kwa miezi kinapata ufa kwa usiku mmoja. Kwa hiyo mratibu mwenye akili huipa masika maonyesho yasiyoogopa maji: sanaa ya vyuma chakavu, vyungu. Au anafunga wiki mbili na kukarabati paa, ambalo kwa kawaida ndilo lenye kosa.

Juni upepo wa kusi unaleta baridi kidogo na hewa kavu. Huo ndio msimu. Wanafunzi wako likizo, na wageni wanaanza kuingia. Basi tusimame hapa, niwaonyeshe jinsi onyesho linavyotundikwa, kwa sababu ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo ambayo hakuna anayealikwa kuitazama.

Picha zikishaletwa, hazitundikwi. Zinapangwa chini, zimeegemea ukuta, na mratibu na msanii wanatembea mbele yake kwa saa nyingi wakizihamisha. Picha mbili zinaweza kuwa nzuri kila moja peke yake, lakini ukiziweka pamoja zikagombana. Nyekundu ya hii inaimeza bluu ya ile. Picha ndogo iliyo kimya ukiiweka karibu na kubwa yenye kelele, hakuna atakayeiona; ipe ukuta wake peke yake na watu watainama kuitazama. Msanii kwa kawaida anataka kutundika zote 30. Mratibu anataka 18. Wanagombana, wanakula chipsi, wanakubaliana 20.

Halafu anaingia fundi na futi kamba, penseli, drili na pima maji. Majumba mengi hutundika picha kwa kufuata katikati yake, siyo kwa kusawazisha juu. Katikati ya kila picha iwe kati ya sentimita 145 na 150 kutoka sakafuni, usawa wa macho ya mtu mzima. Tuseme tumechagua 148. Picha ina kimo cha sentimita 80, nusu yake ni 40. Waya wa nyuma ukivutwa unafika sentimita 6 chini ya ukingo wa juu. Msumari ugongwe wapi? 148 kujumlisha 40 ni 188, kutoa 6 ni 182. Mnaona, mwalimu wa hisabati hakuwadanganya. Ukikosea sentimita moja tu katika mstari wa picha tano, mgeni hatajua kosa liko wapi, ila atahisi kuna kitu hakiko sawa na ataondoka mapema.

Nina malalamiko kidogo hapa. Macho ya mtu mzima, sawa. Lakini mtoto wa miaka saba anayesimama mbele ya picha iliyotundikwa kwa usawa huo anatazama ukingo wa chini wa fremu. Nimewahi kuona ukumbi ulioweka vibao vya kusimamia kwa ajili ya watoto. Gharama yake ni mbao mbili na misumari. Sijui kwa nini kumbi zote hazifanyi hivyo.

Baada ya picha huja taa, zikiinamishwa ili rangi inayong'aa isimrudishie mtu mwanga machoni. Mwisho kadi ndogo pembeni ya kila kazi: jina la msanii, jina la kazi, mwaka, vitu vilivyotumika kuitengeneza, vipimo, na wakati mwingine bei. Soma kadi baada ya kuitazama picha. Ukianza na kadi, utaona kile kadi ilichokwambia.

Siku ya ufunguzi ni Ijumaa au Jumamosi jioni. Kuna soda, sambusa, muziki, na hotuba ambazo karibu zote ni ndefu kuliko inavyohitajika. Mama yake msanii amevaa kitenge kipya. Wasanii wengine wamesimama pembeni wakitazama kwa jicho la ushindani na kusema, "Hongera bwana, kazi nzuri," huku wakihesabu vidoti vyekundu.

Vidoti gani? Kibandiko kidogo chekundu kwenye kadi maana yake picha imeshauzwa. Inabaki ukutani hadi onyesho liishe, lakini ina mwenyewe. Tufanye hesabu tena. Picha imeuzwa shilingi 400,000. Tuseme jumba linakata asilimia 30 ili kulipia umeme, mlinzi na ile rangi nyeupe. Hiyo ni 120,000. Msanii anabaki na 280,000. Toa turubai, toa rangi, toa fremu, toa nauli ya kuileta kwa bajaji huku umeishika kwa mikono miwili isikwaruzwe. Toa pia wiki tatu za maisha yake. Ukisikia mtu mzima akisema "picha tu, laki nne?", mwoneshe hesabu hii kwa adabu.

Na kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Ukinunua picha umenunua ile turubai, hujanunua haki ya kuichapa kwenye fulana au kwenye kalenda za kampuni yako. Hiyo inabaki kwa msanii. Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na ulinzi wake haukomi siku msanii anapokufa. Unaendelea kwa miaka 50 kwa ajili ya warithi wake.

Julai watu wengi wanakwenda kwenye maonyesho ya biashara ya Sabasaba, kwa hiyo neno "maonyesho" mwezi huo lina maana ya matrekta, majiko na juisi za bure. Jumba la sanaa linakuwa kimya. Agosti na Septemba linachangamka tena. Oktoba vuli inachungulia, na mratibu anarudi kutazama paa.

Siku ya kushusha haina soda. Picha zinatolewa, zinafungwa kwa magazeti na nailoni, zinarudi kwa wenyewe au kwa wanunuzi. Kinachobaki ni matundu, kitabu cha wageni, na orodha ya kazi zilizoonyeshwa. Orodha hiyo, hata ikionekana ndogo, ni hazina. Nitawaambia kwa nini. Nairobi kuna Paa ya Paa, kituo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1965 na wasanii na waandishi kadhaa, akiwemo Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro. Ni miongoni mwa kumbi za kwanza Afrika Mashariki kuendeshwa na Waafrika wenyewe. Mwaka 1997 moto ulikiteketeza. Picha zilizokuwemo ziliungua. Kituo kiliinuka tena, Njau na mkewe hawakukiacha, lakini picha iliyoungua hairudi, na kama hakuna orodha wala nakala yake, hata jina lake linapotea. Kwa hiyo mkiona mtu anapiga picha kila kazi ukutani na kuandika vipimo kwenye daftari, msidhani anapoteza muda.

Mtauliza, wiki nne ukutani zinamsaidia nini mtu? Nitawapa mfano wa Everlyn Nicodemus. Alizaliwa Kilimanjaro mwaka 1954, akahamia Sweden akiwa kijana, na alipoanza kuchora, onyesho lake la kwanza alilifanya nyumbani, katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1980. Hakuwa na jina wakati huo. Mwaka 2022 National Portrait Gallery ya London ilinunua picha aliyojichora mwenyewe mwaka 1982, ikawa ya kwanza ya aina hiyo kuingia katika hifadhi yao kutoka kwa mchoraji mwanamke Mweusi. Waliopita katika ukumbi ule wa Dar mwaka 1980 waliona kazi za mtu ambaye London ilimfikia miaka 42 baadaye. Sidhani kama waliokuja kumtazama walijua hivyo. Ndivyo maonyesho ya nyumbani yalivyo. Hujui umesimama mbele ya nani.

Vivyo hivyo Sam Ntiro wa Machame, aliyesoma Makerere na baadaye akawa balozi wetu wa kwanza Uingereza. Alichora Wachagga wakilima, wakivuna, wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Picha hiyo ya mwisho iko katika Museum of Modern Art, New York. Mtoto wa New York anaweza kuingia na kuiona siku ikitundikwa. Mtoto wa Machame hana nauli ya kufika huko.

Hilo ndilo linaloniudhi, nami sitalificha. Kwa miaka mingi wanunuzi wakubwa wa kazi za majirani zetu wamekuwa watu wa mbali, na kazi zikishanunuliwa zinaondoka nao. Siwalaumu, walilipa. Lakini nimeingia kumbi za mji huu siku za Jumanne nikamkuta mlinzi peke yake, feni inazunguka, na kwenye ukuta kazi ambayo mtu aliitolea jasho mwaka mzima. Nje watu wanapita. Ukiwauliza kwa nini hawaingii, wengi hudhani ni kwa ajili ya wageni, au kwamba lazima ununue, au kwamba kuna mtihani wa kuelewa.

Hakuna mtihani. Kwenye kumbi nyingi kuingia ni bure. Palipo na kiingilio, uliza kama wanafunzi wanapunguziwa. Usiguse, maana mafuta ya vidole huacha alama. Usikimbie karibu na vinyago. Chagua picha moja tu, simama mbele yake, hesabu polepole hadi mia, ndipo uamue kama unaipenda. Ukiichukia, sema kwa nini. Msanii akiwepo mwamkie, kisha mwulize alianzia wapi: kona ya juu, katikati, au macho ya mnyama? Wanapenda swali hilo kuliko "ni bei gani". Ukitoka andika jina lako kwenye kitabu cha wageni na sentensi moja ya kweli, isiwe "kazi nzuri" kama kila mtu.

Na wewe mwenye michoro nyuma ya daftari la hisabati, ambaye umeshachapwa kwa ajili yake: mwulize mratibu wito unaofuata unafungwa lini, uandike tarehe hiyo.